Programu Kumi za Kutabiri Gesi, na Mjomba Asiyeamini Hata Moja

Ukiishika Barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge, ukifika Tegeta unakutana na kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji cha Twiga. Tanuri lake linakula gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, huko Kilwa. Imesafiri kilomita 25 za bomba chini ya bahari, kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, kisha ikashika tawi la kwenda Wazo. Nyumba zote zinazochipuka Bunju, Mapinga na Kerege zina sehemu yao katika swali moja: gesi hiyo ipo kiasi gani, na itatoka kwa kasi gani hadi lini?

Wapo watu wanaolipwa, tena vizuri, kulijibu swali hilo kwa kompyuta. Hizi hapa zana kumi wanazozitumia, tukihesabu kutoka ya kumi hadi ya kwanza. Sikuzipanga kwa bei wala kwa urembo. Kigezo ni kimoja: ipi inampa Mtanzania uwezo wa kuuliza swali la maana mezani, mbele ya mgeni aliyekuja na makabrasha yake? Jaji msaidizi ni mjomba wangu wa Dunda, Bagamoyo, aliyeuza samaki maisha yake yote. Yeye anashikilia kwamba mtu anayeona chini ya ardhi bila kuchimba ni mganga tu, ila huyu ana laptopu.

10. Petrel: mrembo wa ukumbini

Petrel ilizaliwa Norway katika kampuni ya Technoguide, kisha ikanunuliwa na Schlumberger, ambayo siku hizi inajiita SLB. Inameza data za mitetemo ya ardhi na vipimo vya visima, halafu inakuchorea mwamba wa chini kwa pande tatu. Gesi nyekundu, mafuta kijani, maji buluu. Ukiuzungusha mwamba huo mbele ya mgeni rasmi, makofi ni ya uhakika.

Ila rangi haina presha. Nyekundu hupakwa palipo na kisima, na hupakwa vilevile pale mtaalamu anapokisia. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Ruvu, humu humu mkoani Pwani, lina gesi inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 2.17. Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini hapo kaskazini ya mji wa Bagamoyo, kwa hiyo ungedhani wenyeji wameshaanza kuipikia. Mkaa bado unapanda bei.

Mjomba alitazama picha, akauliza swali moja tu: "Hiyo nyekundu inauzwa kwa kilo?"

9. Crystal Ball na @RISK: kamari yenye shahada

Hizi hukaa juu ya Excel na kazi yake ni kukubali kwamba hujui. Badala ya kuandika namba moja ya ukubwa wa eneo, unene wa mwamba, nafasi zilizomo na kiasi cha gesi katika nafasi hizo, unaandika kiwango cha chini na cha juu. Kompyuta inachota bila mpangilio mara maelfu, inazidisha, kisha inakupa majibu matatu: P90, P50 na P10.

Hapa ndipo wengi huangukia pua. P90 ndiyo namba ndogo, kwa sababu ina uwezekano wa asilimia 90 wa kufikiwa au kupitwa. P10 ndiyo kubwa, na ndiyo ya kubahatisha. Benki husoma P90, mhandisi husoma P50, jukwaani husomwa P10, na kichwa cha habari huichukua P10 na kulifuta neno "huenda". Tena gesi iliyomo si gesi itakayotoka. Zile futi za ujazo trilioni 57.54 tunazotajiwa kila siku ni hesabu ya iliyomo mwambani, na sehemu yake itabaki huko huko hata tuombe dua.

Mjomba: "Huo ni mkeka. Wa kwangu ulichanika Jumamosi. Wenu utachanika baada ya miaka ishirini, na aliyeuandika atakuwa keshastaafu."

8. OLGA: mpishi wa bahari kuu

Soko la samaki la Bagamoyo na ramani ya gesi ya kina kirefu vina orodha moja. Katika vitalu namba 1, 3 na 4, visima vilipewa majina ya Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Papa, Ngisi na Kamba. Jirani, kwenye kitalu namba 2, Statoil, ambayo sasa ni Equinor, ikaleta Zafarani, Lavani, Tangawizi, Giligiliani na Mdalasini. Samaki tunao, viungo tunavyo. Tangu Pweza apatikane mwaka 2010, kinachokosekana ni moto.

Na kuuwasha si mchezo. Zafarani imelala chini ya maji yenye kina cha karibu mita 2,500, ambako baridi inakaribia ya barafu. Gesi yenye unyevu ikipita humo kwa presha kubwa huganda pamoja na maji na kuziba bomba. OLGA, iliyoanza kuandikwa Norway mwaka 1980, hukokotoa jinsi gesi na vimiminika vinavyosafiri pamoja: wapi vitapoa, bonde gani la bomba litatuamisha maji, na nini kitatokea mtambo ukizimwa usiku na kuwashwa asubuhi. Hesabu za aina hiyo zinahitajika hata kaskazini yetu, Chongoleani mkoani Tanga, linakoishia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mafuta ya Uganda yana nta, na yasipotunzwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50 yanagoma njiani.

Kuna kitu kimoja OLGA haikikokotoi. Januari 2021, Equinor ilifuta dola milioni 982 za thamani ya mradi wake wa gesi ya Tanzania vitabuni mwake, na chini ya bahari hakuna hata futi moja ya gesi iliyohama.

"Kwa hiyo pweza yupo," mjomba akasema, "ila bei yake ndiyo imezama?" Ndivyo, mjomba.

7. Saphir: kulipwa kwa kufunga

Hii ni ya Wafaransa wa kampuni ya Kappa, na inafanya kazi ya ajabu: unafungulia kisima kitoe gesi kwa muda, unakifunga, kisha unakaa kusoma presha inavyopanda. Ikipanda upesi, mwamba unapitisha vizuri. Ikijivuta, mwamba haupitishi vizuri. Ikiruka ghafla mara tu unapofunga, kisha ikatulia, huenda mwamba ulio karibu na kisima ulichafuka wakati wa kuchimba. Mchoro ukijipinda mwishoni, huenda kuna ufa au ukuta umbali fulani chini huko, mahali ambapo hakuna aliyefika.

Kila saa ambayo kisima kimefungwa ni mapato yaliyolala, kwa hiyo meneja atakuhimiza ukifungue kabla presha haijatulia. Ukimtii, programu itakupa jibu hata hivyo. Haijui kusema "sijui".

6. Eclipse na wenzake: milioni ya vyumba

Sasa tunaingia kwa wazito. Eclipse ya SLB, programu za CMG za Calgary, tNavigator: zote huukata mwamba vipande vidogo, pengine milioni, kisha hukokotoa presha na mwendo wa gesi na maji kutoka kipande hadi kipande, mwezi kwa mwezi, kwa miaka thelathini ijayo. Unaibonyeza jioni, unaenda kulala, na asubuhi unakuta imekwama Machi ya mwaka wa nne.

Kabla ya kuiamini lazima ilinganishwe na historia. Mhandisi hugeuza upitishaji wa mwamba hapa, huhamisha ufa pale, mpaka mstari wa kompyuta upite juu ya vitone vya presha na uzalishaji vilivyopimwa kweli. Tatizo ni kwamba mifano mingi tofauti huweza kukubaliana kuhusu jana na kugombana kuhusu kesho. Kwetu kuna na kichekesho chake. Songo Songo iligunduliwa na kampuni ya AGIP mwaka 1974 na gesi ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaanza kuzalisha 2006. Kwa miaka yote hiyo historia ya uzalishaji ilikuwa sifuri, na sifuri inalingana na mfano wowote utakaoupenda.

Bei ya leseni hutajiwa ukiwa umekaa. Ndiyo maana mabwenini huzunguka nakala zilizochakachuliwa, zinazokuja na virusi vya bure kama bonasi.

Mjomba aliposikia "kulinganisha historia" alicheka mpaka akakohoa: "Hapa Bagamoyo wapo waongoza watalii wanaoifanya kazi hiyo bila kompyuta."

5. PROSPER na GAP: trafiki wa visima

Programu hizi za kampuni ya Petex ya Edinburgh zimejengwa juu ya wazo lililo wazi. Chora mstari wa kwanza: mwamba unaweza kutoa gesi kiasi gani kwa presha fulani. Chora wa pili: bomba la kisima linaweza kupandisha kiasi gani. Mistari inapokutana, hiyo ndiyo gesi utakayoipata, hata mkurugenzi akunje uso vipi. Hiyo ni PROSPER. GAP huviunganisha visima vyote, mabomba ya kukusanyia na mtambo wa kusindika, ikakuonyesha nani anamkaba nani. Aliyekaa foleni ya Tegeta siku ya Ijumaa anaelewa: kupanua njia Mwenge hakusaidii kama penye kubana ni mbele.

Songo Songo ni mfano mzuri. Gesi ikitolewa miaka mingi presha ya chini hushuka, na siku inafika ambapo gesi bado ipo lakini haina nguvu ya kujisukuma hadi Dar es Salaam. Kuongeza visima pekee hakutoshi. Dawa ni kompresa, na kompresa zikafungwa zikaanza kazi mwaka 2022. Katika GAP unaziongeza kwa kubofya mara mbili. Kisiwani zilifika kwa meli.

4. Akili mnemba: mwanafunzi bora wa jana

Siku hizi kila wasilisho lina ukurasa wake. Unailisha programu ya Python takwimu za visima vya zamani, inajifunza, inatabiri visima vipya. Marekani, penye visima maelfu kwa maelfu vya gesi ya mwamba mgumu, inapata cha kujifunza. Sisi visima vyetu vinavyozalisha gesi unaweza kuvihesabu ukisubiri chai ipoe. Akili mnemba yenye mifano michache hukariri.

Halafu kuna jambo la Rufiji. Kwa miaka mingi gesi ndiyo iliyobeba umeme wetu, kwa hiyo mashine iliyojifunza takwimu hizo ingetabiri kwamba mahitaji ya gesi ya umeme yatapanda tu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, huko Rufiji, ukaingia kwenye gridi, katika mradi wa megawati 2,115. Maji yakijaa, gesi inapumzika. Kisima hakijachoka wala mwamba haujaisha. Mvua imenyesha tu. Hakuna data ya jana iliyokuwa na bwawa hilo ndani yake.

Mjomba: "Mimi nilijua mvua itanyesha." Hakuna aliyemuuliza.

3. OPM Flow: ya bure, na si ya kuchakachua

Hapa kijana wa Bagamoyo mwenye laptopu ya mtumba asogee karibu. OPM Flow ni programu ya wazi ya kuigiza mwamba, iliyojengwa kwa mikono ya taasisi za utafiti za Norway pamoja na Equinor. Inasoma mafaili yaleyale ya Eclipse, haiombi leseni, na msimbo wake uko wazi: ukitilia shaka hesabu, unafungua na kuisoma. Kuna na ResInsight, ya bure pia, ya kukuonyesha zile rangi za namba kumi. Flow inapenda Linux, na itakusumbua wiki ya kwanza. Vumilia.

Data utapata wapi? Mwaka 2018 Equinor iliachia hadharani data za Volve, eneo la mafuta la Bahari ya Kaskazini lililozalisha kuanzia 2008 hadi 2016: mafaili kama 40,000 ya mitetemo, visima, uzalishaji wa kila siku na mifano ya kompyuta. Hutayapakua yote kwa bando la wiki, na huna haja. Chukua jedwali la uzalishaji na mfano wa mwamba, kisha jipime: funika miaka mitatu ya mwisho, tabiri, funua. Utaumbuka ukiwa peke yako chumbani, na hapo ndipo pazuri pa kuumbukia.

Anayesoma petroli UDSM au UDOM na hajaigusa zana hii, ajue mwenzake wa Stavanger ameshaigusa, na ndiye atakayekuja kukaa upande wa pili wa meza.

2. Excel: mfalme asiyealikwa

Kila kampuni itakuonyesha programu ya mamilioni. Uamuzi wenyewe umo kwenye faili linaloitwa "MAKADIRIO_mwisho_mwisho_kabisa_2".

Excel inabebwa na hesabu ya J. J. Arps ya mwaka 1945 kuhusu jinsi kisima kinavyopungua. Chukua kisima cha kubuni kinachotoa futi za ujazo milioni 20 kwa siku, mwaka unaofuata kikatoa milioni 18. Ukisema kitapungua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka kumi kitakuwa na milioni 7. Ukisema upungufu wenyewe utakuwa unapoa kila mwaka, kwa kanuni ya Arps iliyo karimu zaidi, baada ya miaka hiyo kumi utakuta milioni 9.5. Angalia vizuri: data ni zilezile, 20 na 18. Kilichobadilika ni herufi moja ndogo, b, iliyotoka sifuri kwenda moja, na imezaa milioni mbili na nusu kwa siku ambazo hakuna aliyeziona.

Kwa hiyo ukiletewa makadirio ya miaka ishirini, usianze kushangaa mchoro. Uliza: b yenu ni ngapi, na kwa nini? Ukimya utakaofuata una thamani ya ada ya mshauri mwelekezi. Arps tena alihesabu kwa kisima kinachotoa chote kinachoweza. Kisima kilichopunguzwa koki kwa sababu Rufiji imejaa hakidhihirishi kuchoka, na mstari wake hauna habari yoyote ya mwamba.

Excel imekosa namba moja kwa sababu inamtii kila mtu. Hata mjomba ilimkubalia.

1. Mstari wa p/z: rula na penseli

Mshindi ana programu yake, MBAL ya Petex, lakini anafanya kazi hata kwenye daftari la mraba. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni kavu, karibu yote ni methani, na gesi kavu iliyofungiwa mwambani ina tabia ya kiungwana. Pima presha ya mwamba, p. Igawe kwa z, kirekebisho cha gesi halisi kinachosomwa kwenye chati ya Standing na Katz ya mwaka 1942. Weka jibu kwenye mhimili wa wima, na jumla ya gesi iliyokwisha kutolewa kwenye mhimili wa ulalo. Vitone vitajipanga kwenye mstari ulionyooka.

Mfano wa kubuni: mwanzo p/z ni psi 3,000. Baada ya kutoa futi za ujazo bilioni 100, imeshuka hadi 2,700. Weka rula, vuta mstari hadi chini: unagonga bilioni 1,000, yaani trilioni moja. Hiyo ndiyo gesi iliyokuwemo, hata Petrel iseme nini. Sasa chukulia kwamba bila kompresa kisima kinakata roho p/z ikifika 600. Utapata bilioni 800. Ukifunga kompresa ukaishusha hadi 300, utapata 900. Kompresa imekuletea bilioni 100, na umejua hilo bila kuwasha jenereta.

Ina masharti. Maji yakipanda kutoka chini kuisukuma gesi, presha inashikiliwa juu, mstari unalegea na kukudanganya kwamba gesi ni nyingi. Geji mbovu inaharibu kila kitu. Na ukiuvuta mstari wakati umetoa gesi kiduchu, rula ikitikisika kidogo tu unahama trilioni. Ndiyo maana vinatakiwa vitone vingi, vya miaka mingi, vilivyopimwa kisima kikiwa kimetulia.

Nimempa ushindi kwa sababu ya kalenda. Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na hesabu hiyo inaishia Oktoba 2026. Mikataba ya aina hii huisha na kujadiliwa upya, vitalu hunadiwa, na kila mara atakuja mtu na mfano wenye vipande milioni kusema gesi inakaribia kwisha, au kwamba ni tele, kutegemea anataka kuuza au kununua. Shirika la petroli la taifa, TPDC, na mdhibiti wa mkondo wa juu wa petroli, PURA, wana vijana waliosoma. Swali lao la kwanza liwe la safu mbili: presha ya mwamba kila ilipopimwa, na jumla ya gesi iliyotoka hadi siku hiyo.

Mjomba ameukagua mstari huo, akauchora upya mwenyewe, akapata trilioni moja ileile. Bado anasema ni uganga, ila huu anaukubali, kwa kuwa mteja anaweza kupiga ramli mwenyewe. Na mgeni atakayekuja na picha zote za rangi lakini amesahau safu zile mbili, msimfukuze. Mleteeni kahawa, mwambieni azifuate, mnamsubiri.